Hesabu za Mtu Anayeandika Tu

Fundi cherehani anafanya kazi. Mama anayechoma mahindi pale stendi anafanya kazi. Hata yule anayekaa ofisini tangu asubuhi akisubiri saa tisa na nusu ifike aondoke, naye anafanya kazi, tena anaitwa mtumishi. Mimi naandika tu. Nimeishi Sumbawanga miaka yote ya utu uzima wangu na sijawahi kusikia mtu akimwambia fundi wa baiskeli, "Wewe si unakaza nati tu? Nikazie basi, dakika mbili." Mimi naambiwa hivyo kila wiki. Naambiwa na watu waliovaa viatu vizuri, na wananiambia wakitabasamu.

Naandika risala za harusi na za kuwaaga wastaafu. Naandika maandiko ya miradi kwa vikundi vinavyoomba mkopo, barua za malalamiko, matangazo ya maduka ya pembejeo, historia za vigango vya kanisa vinavyotimiza jubilei. Mara mojamoja watu wa Dar es Salaam wananipa makala za mtandaoni, wananilipa kwa simu. Sina mwajiri. Natumia kompyuta niliyoinunua ikiwa imechoka, betri yake ilikufa zamani, umeme ukikatika na yenyewe inakatika.

Shule niliiacha kidato cha pili. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla hatujazoea, na sisi tulikuwa watatu. Mdogo wangu wa kiume alikwenda Matai kujifunza kuchomelea vyuma, sasa anajitegemea. Akabaki kitinda mimba wetu, msichana, ambaye mama alimwacha akiwa bado hajui kufunga kamba za viatu. Sasa yuko kidato cha tatu. Tunakaa wawili kwenye chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia, nyuma ya nyumba ya watu. Nimemlea kwa maneno niliyowaandikia wengine, na huyo ndiye aliyetakiwa kuondolewa kwangu mwaka huu.

Aliyemtaka ni baba mdogo. Anaishi Laela, ananunua mahindi na kuyauza kwa magari ya Tunduma. Katika ukoo wetu akikohoa watu wananyamaza, kwa sababu ana nyumba ya bati na ghala. Alikuja mara baada ya mwaka mpya, akakaa kwenye kiti chetu pekee, akatazama kuta.

"Shikamoo baba," nilimwambia.

"Marahaba. Huyu mtoto anakula nini hapa?"

"Anachokula kila mtu, baba. Ugali."

"Ugali wa nani?"

"Wangu."

"Wako wa kuandika?" Alicheka kwa pua. "Mama, sikiliza. Mimi sina ubaya na wewe. Ila ukoo unaniuliza. Wanasema marehemu kaka yangu ameacha mtoto wa kike, analelewa na dada yake asiye na mume wala mshahara. Nijibu nini? Niseme anaandika tu?"

Nikammiminia chai. Ningejibu ningemkosea heshima, na katika ukoo wetu anayemkosea mkubwa heshima huwa ameshashindwa shauri lake kabla halijasikilizwa.

"Mimi kila gunia linaloingia ghalani naliandika," akaendelea. "Limetoka wapi, limenigharimu nini, limeuzwa bei gani. Ndiyo maana najua kama nimekula au nimeliwa. Na wewe fanya hivyo. Andika unachofanya kutafuta kazi, andika kinachoingia. Nikija baada ya mavuno nitaangalia. Kikionekana cha kueleweka, mtoto abaki. Kisipoonekana, anakuja Laela. Shule hata kule zipo. Na mama yako mdogo pale gengeni anahitaji mtu wa kumsaidia."

Hilo la mwisho alilisema haraka, kama mtu anayetema mbegu. Msichana wa mwisho aliyekwenda kukaa kwake, mtoto wa binamu yetu, alikwenda na begi jipya la shule. Begi hilo sasa linabebewa vitunguu.

Mdogo wangu alikuwa nyuma ya pazia akisikia yote. Baba mdogo alipoondoka, yeye alitoka, akachukua kikombe alichonywea mgeni chai akaenda kukisugua kwa mchanga, kikombe cha udongo, mpaka nikamnyang'anya.

Nikanunua kaunta buku. Nilichora safu nne: nilichofanya kujitangaza, kimenigharimu nini, nani amekuja, amelipa nini. Kila mteja aliyeingia nilimuuliza swali moja kabla hajakaa: umenijuaje?

Mnaweza kudhani ni swali rahisi. Mzee mmoja alinikazia macho. "Kwani wewe unajificha?" Kijana aliyetaka barua ya kuomba kazi akasema, "Aa, dada, mambo ya upelelezi tena? Mimi mshikaji tu, sina kesi." Na mama mmoja mwenye lafudhi nzito ya Kifipa alisema ameambiwa na mtu. Mtu gani? Yule wa msibani. Msiba upi? Akanionea huruma kama mtu mgumu wa kuelewa, akasema, "Mwanangu, si ule msiba." Nikaandika: *mtu*.

Kujitangaza nilikoanza nako ndiko wanakoanza wote. Nilichapa karatasi nikazibandika kwenye nguzo za stendi na pembeni mwa soko. Mvua ikazila. Moja niliikuta imekunjwa imefungiwa karanga, na muuzaji hakuona sababu ya kuficha. "Karatasi yako nzuri dada, ngumu, haipitishi mafuta." Nikalipia tangazo redioni. Likasomwa baada ya vifo na kabla ya vyeti vilivyopotea, na aliyelisoma alilisoma kama anayekimbizwa. Aliyenifuata kutokana na tangazo hilo alikuwa baba mmoja aliyepotelewa na ng'ombe. Alidhani mimi ndiye redio. Nilimwandikia tangazo la ng'ombe wake, akashukuru, akaondoka, na nauli ya kulipeleka redioni nikamwongezea mimi.

Kwenye makundi ya WhatsApp walinijibu kwa vimikono vya kusali. *Hongera mpendwa. Mungu akuinue.* Waliotaka Mungu aniinue walikuwa wengi. Aliyetaka kunipa kazi hakuwepo. Nilipita maofisini. Kote waliniambia niache namba. Nikiwaza namba zangu zilivyokaa kwenye madroo ya mji huu, chini ya stepla na maganda ya pipi, damu inanichemka mpaka leo.

Halafu kulikuwa na bwana mmoja wa ofisini. Kitambulisho alikivaa shingoni hata Jumapili, na alikuwa mwenyekiti wa kamati za sherehe, yaani kila kamati ilimwona anafaa. Huyu alinipa kazi mara tatu: risala ya kumuaga mkuu wake aliyehamishwa, hotuba ya sendofu ya binti yake, na historia ya kikundi chao cha kusaidiana. Kila mara nilipotaja malipo alinishika bega.

"Wewe bado mchanga. Kwanza ujulikane. Pale ukumbini kuna wakuu watupu. Mimi nitakutangaza."

Nami nikakubali, kwa sababu mdogo wangu alikuwa na miezi sita tu ya kubaki kwangu na nilidhani sauti ya mtu kama huyo ni mali. Kwenye safu ya kwanza niliandika: *atanitangaza*. Safu ya tatu ya mstari huo ilibaki nyeupe. Nikaandika tena. Ikabaki nyeupe tena.

Kulikuwa na kazi nyingine sikuiweka kwenye safu, niliiandika ukurasa wa mwisho, nisisahau tu. Kwetu mtu akifa, kabla jeneza halijashushwa, unasomwa wasifu wa marehemu. Kwa kawaida anayeuandika ni mtu yeyote mwenye mwandiko, na huandika kama anavyojaza fomu: alizaliwa, alisoma, aliolewa, alijaliwa watoto kadhaa, aliugua. Watu wanasikiliza wakitazama viatu vyao, upepo unawapiga, wanangoja udongo.

Februari alifariki mama wa jirani yetu anayeuza mkaa. Jirani alinijia uso umevimba, akasema, "Dada, wewe si unaandika. Mwandikie mama." Siku hiyo neno hilo halikuniudhi. Nilikaa naye nikamuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani. Akaniambia. Nikaandika kwamba bibi huyu aliwahi kumfukuza mgambo kwa mwiko wa ugali, na mgambo huyo baadaye akaja kuoa kwake. Niliandika kwamba alikuwa anasali rozari huku anapepeta ulezi, na hakuna aliyejua kipi kilikuwa kinamsaidia kingine. Makaburini watu walicheka, wakalia, yule mkwe mgambo akalia kuliko wote. Kisha nikawasikia nyuma yangu wakiulizana, nani ameandika haya?

Msiba haulipiwi. Hakuna aliyenifundisha, ni kitu kinachojulikana. Wakaja wengine na vifo vyao, nami nikawaandikia. Mjane mmoja alitoka kijiji cha njia ya Matai, akarudi baada ya matanga na viroba viwili vya ulezi kwenye bodaboda. "Hii si malipo, mwanangu. Msiba haulipwi. Hii ni pole ya mkono wako." Mwingine alileta maharage. Kijana mmoja aliyemzika baba yake alileta dagaa wa Kasanga, wazuri, wakavu. Sikuandika chochote. Mama alitulea akisema asante haihesabiwi, ukiihesabu unaifanya deni.

Ikaingia Kwaresima. Harusi hakuna, sherehe hakuna, vikundi viko shambani vinapalilia. Ukurasa wa mwezi huo na nusu ya uliofuata ulikuwa mtupu kabisa. Tulikula ulezi wa mjane, maharage ya yule na dagaa wa huyu. Mdogo wangu alikwenda shule kila siku ameshiba, na kitabu kilisema hatukula.

Baada ya Pasaka, Jumapili moja mchana, nilikaa nikahesabu watu wamenijia kwa njia zipi. Karatasi za nguzoni zimeniletea wawili. Redio, mwenye ng'ombe. WhatsApp, hakuna. Maofisi, hakuna. Bwana wa kunitangaza, hakuna hata kivuli. Waliobaki, karibu wote walionilipa pesa mkononi, walikuwa wale niliowaandika *mtu*. Mtu wa msibani. Walisimama makaburini wakasikia wasifu, wakarudi nyumbani, na siku kikundi chao kilipotaka andiko au kigango chao kilipotaka historia, wakakumbuka.

Wenye moyo mwepesi wangefurahi. Mimi nilikasirika mpaka nikasimama. Pesa ya karatasi ingenunua sweta la shule. Pesa ya redio, mkaa wa wiki ngapi. Nimemaliza soli za viatu nikiwabembeleza watu waliokuwa wananitazama kama mwombaji, kumbe kazi yangu ilishakuwa inajitembeza yenyewe bila mimi. Na nilikasirika zaidi kwa sababu sikuweza kuitumia njia hiyo. Nifanyeje? Nipite mitaani niulize nani yuko mahututi? Niandike namba yangu chini ya jina la marehemu? Soko langu lilikuwa mahali ambapo mtu mwenye adabu hauzi.

Nilichoweza ni kimoja tu. Niliacha redio na karatasi za nguzoni. Pesa hiyo nikaanza kuitumia kuchapa wasifu nakala mbili, moja ya kusomwa, moja ya familia kubaki nayo, kwenye karatasi nzuri. Bila namba, bila jina langu.

Mei yule bwana wa ofisini akanipigia. Nikaenda. Alikuwa na wenzake wawili na chai ya saa nne.

"Mwandishi wetu! Mambo?"

"Salama. Shikamoo."

"Marahaba, marahaba. Kaa. Kuna mgeni mkubwa anakuja, nataka risala ya nguvu, ile yenyewe. Ijumaa."

"Sawa. Ni elfu thelathini, nusu kabla."

Alisita na sambusa yake. "Leo una bei?"

"Nina bei."

"Baada ya mimi kukutangaza hivi?"

"Umenitangaza kwa nani?"

"Kwa watu."

"Nitajie mmoja, nimshukuru."

"Yule..." Akawatazama wenzake. "Yule wa ujenzi."

"Hajafika."

"Atafika."

"Kila anayekuja namuuliza katoka kwa nani. Naandika. Hakuna aliyewahi kukutaja."

Mmoja wa wenzake akacheka ndani ya kikombe. Bwana akaweka sambusa chini, akafuta vidole kimoja kimoja. "Mabinti wa siku hizi mkipewa mkono mnataka bega. Kwani shule yenyewe uliishia wapi?"

Ningependa kusema nilimjibu. Sikumjibu. Nilitoka, nikapita getini, nikafika mpaka sokoni ndipo majibu yakaanza kuja, mazuri, yote saba, na wa kumpa hayupo. Baadaye nilisikia kutoka kwa mtu aliyehudhuria kwamba risala ilisomwa vizuri na mgeni alifurahi. Ilikuwa ile ile niliyoandika ya kumuaga mkuu wake. Alibadili jina na cheo, akasahau mahali pamoja, akamshukuru mgeni kwa miaka yake ya kuishi nasi. Watu walipiga makofi hata hapo.

Mei na Juni kazi zilikuja. Parokia moja ilitaka historia, vikundi vilikuwa vimevuna na vina nguvu ya kulipa, na watu wa Kaoze walinijia wanne kwa pamoja na andiko la mashine ya kukoboa, wakalipa wakihesabu noti moja moja wakiimba namba. Nikawauliza mmenijuaje? Wakatajiana msiba, wakabishana ulikuwa wa nani. Lakini kila nilipofunua kitabu jicho langu lilikwenda kwenye ile miezi mitupu. Nilijua na lake litakwenda hapo hapo.

Baba mdogo alikuja Julai, asubuhi ya upepo ule wetu unaopasua midomo. Alikuja na pikapu yenye magunia matupu, na nyuma alikuwa ameshaacha nafasi ya begi. Niliiona nafasi hiyo kabla sijamsalimu.

Akaketi. Akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kufunua kurasa. Lazima niseme ukweli, alisoma vizuri. Hakuruka.

"Redio ulilipa hivi ukapata mwenye ng'ombe?"

"Ndiyo, baba."

"Mimi ningemuuzia ng'ombe mwingine." Akacheka, akafunua. "Huyu *atanitangaza*, huyu nani?"

"Mtu wa ofisini."

"Umemfanyia mara tatu?"

"Ndiyo."

"Mara ya kwanza ni kosa lake. Hizo mbili ni zako." Hilo liliniuma kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha akafika pale. Akarudisha ukurasa, akaufunua tena, kama anayedhani karatasi mbili zimeshikana. "Hapa mlikula nini? Upepo?"

"Ulezi."

"Ulezi wa wapi? Siuoni."

Nikamweleza. Wasifu, mjane, maharage, dagaa. Alisikiliza kichwa kimeinama, kisha akatikisa.

"Hiyo ni zawadi. Zawadi si mapato. Mwaka huu umepata mfiwa mwenye mkono mkunjufu, mwakani utapata bahili, mtoto atakula nini? Halafu mtu mzima unaishi kwa misiba ya watu! Utakuwa unaamka asubuhi unaomba nini, kengele ya kanisa ilie?"

Hasira niliyokuwa nayo tangu Januari haikupita tena kwenye adabu. "Na wewe baba unaishi kwa nini? Mkulima anakuletea gunia limeshonewa kilima juu mpaka mtu mmoja halibebi, lumbesa, na unamlipa gunia moja. Kile kilima ni zawadi? Mbona hicho unakiuza?"

Nje dereva wake aliacha kupiga mluzi.

"Unanitukana," akasema polepole. "Mbele ya mtoto."

"Nakuuliza, baba."

"Mama," akamwita mdogo wangu, bila kunitazama mimi tena. "Lete begi."

Mdogo wangu alitoka nyuma ya pazia. Hakuwa na begi. Alikuwa anaburuza kiroba cha ulezi, kile cha pili cha mjane, kilichobaki zaidi ya nusu. Alikiburuza mpaka kikagusa viatu vya baba mdogo, akakifungua kamba, akasimama wima.

"Ondoka nao basi, baba," akasema. "Kama si kitu."

Sijui alikuwa amepanga au ni uchungu tu. Baba mdogo alitazama chini. Na mkono wake ukaenda wenyewe. Nimeuona mkono huo ghalani kwake maelfu ya mara: unazama ndani mpaka kifundo, unatoka na konzi, unasugua, unapuliza makapi, unatia punje chache mdomoni. Akatafuna. Uso wake ukasahau ugomvi.

"Wa mwaka jana," akasema. "Lakini umetunzwa. Mkavu. Hauna mchanga. Huu sasa hivi, debe moja, kwa mtu wa pombe..." Akataja bei.

Kisha akagundua ameitaja.

Mimi tayari nilikuwa na kalamu mkononi. Niliandika bei hiyo kwenye ule ukurasa mtupu, nikazidisha kwa madebe ya viroba vile viwili, mbele ya macho yake.

"Na maharage?" nikamuuliza. "Yalikuwa ya njano. Ndoo mbili."

Angeweza kukataa. Lakini mnunuzi wa nafaka kusema hajui bei ya maharage ni kama padri kusema hajui Baba Yetu. Akaitaja, kwa sauti ya chini, akiwa ametazama mlangoni. Nikaandika. Dagaa hakuwajua vizuri, akataja bei ndogo, na mdogo wangu akamsahihisha kwa bei ya soko la hapa, na baba mdogo akasema, "Kumbe wamepanda," kama mtu anayezungumza na mfanyabiashara mwenzake. Nikajumlisha. Ule mwezi mtupu haukuwa na wingi, lakini haukuwa na njaa. Ulilingana na mwezi mbaya wa biashara yake na ulipita mshahara wa vibarua wake, na yeye alilijua hilo kuliko mimi.

Alifunga kitabu akakiweka kitandani, taratibu, akasimama, akajikung'uta makapi.

"Haya. Abaki." Akavaa kofia. "Mwakani nitakuja kuangalia tena."

"Njoo, baba. Chai utakunywa. Kitabu hutakiona."

Alikwenda kwenye pikapu, akamfokea dereva kwa kosa ambalo dereva hakulifanya, wakaondoka kuelekea barabara ya Laela.

Nilirudi ndani nikitaka kucheka, nikitaka mdogo wangu acheke na mimi. Alikuwa anafunga kamba ya kiroba. Aliifunga mara mbili, akaikaza.

"Dada."

"Naam."

"Kama hesabu isingetosha, ungenipa?"

"Nisingekupa."

"Hata ingekuwa sifuri?"

"Hata ingekuwa sifuri. Nilishasema tangu siku ile."

"Hukusema," akasema. "Siku ile ulinunua kitabu."

Nilitaka kumweleza habari za ukoo, na heshima, na nyumba ya bati, na kwamba mtu mdogo akitaka kushinda kwa mkubwa lazima acheze mchezo wa mkubwa. Yote ni kweli. Lakini yeye alikuwa amekaa miezi sita nyuma ya pazia akinisikia nikiuliza kila anayeingia umenijuaje, akihesabu na mimi, akijua kila mstari ni kilo yake kwenye mzani, na mimi ndiye niliyeushika mzani huo ukae sawa.

"Hukutakiwa kumwonyesha kitabu," akasema. "Mimi si gunia."

Akachukua ndoo, akatoka kwenda bombani, na mlango akaubamiza kwa nguvu. Sikumfokea.